Sikio la Kushoto la Mzee Yustus

Baba yangu alikuwa kiziwi kwa muda mrefu bila mtu yeyote wa Nyabiyonza kujua, hata sisi tuliokula naye sahani moja. Lawama ziende kwa salamu zetu. Huku kwetu Karagwe mtu hasalimii akapita. Anasimama, anauliza umeamkaje, nyumbani wameamkaje, watoto je, ng'ombe je, migomba je baada ya ule upepo, na kila swali linajibiwa kwa "eee" ya chini. Kisha mnabadilishana, aliyeuliza naye anaulizwa. Ni mambo yale yale kwa mpangilio ule ule tangu enzi za babu zetu, na aliyeyazoea anaweza kuyajibu huku anawaza mengine kabisa. Baba aliyajibu kwa kutazama midomo na kungoja zamu yake. Sauti yake ilikuwa nzito na nzuri, na watu waliagana naye wakisema Mzee Yustus bado yuko imara.

Siri ilitoka siku Rwegoshora, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alipokuja asubuhi ya mvua kutuletea taarifa ya msiba. Alisimama mlangoni na koti amejifunika mpaka usoni, midomo haionekani. Akasema, "Mzee, kaka yangu Gaudiosus ametutoka."

Baba akatikisa kichwa kwa uchangamfu. "Eee, tunamshukuru Mungu," akajibu. "Na wewe je?"

Sasa huyo marehemu Gaudiosus na baba walikuwa wamewahi kugombania mpaka wa kibanja, shamba la migomba, na ingawa walipatana zamani, watu hawakosi kumbukumbu. Rwegoshora aligeuka akaondoka. Mama yangu, Kokuhirwa, alitoka mbio na mvua ile, akamfuata mpaka barabarani, akapiga magoti kwenye tope kumwomba msamaha kwa niaba ya mumewe. Aliporudi alikuwa amelowa chepechepe. Alisimama mbele ya baba, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Baba Nestory, hunisikii?" Baba akamwambia chai bado ni ya moto, asubiri kidogo. Nilikuwa jikoni nikimenya ndizi, na hapo ndipo nilipoelewa. Nilikaa chini juu ya gunia la maharage nikalia.

Niseme kidogo baba alikuwa nani, kwa sababu wanaomwona leo amekaa kimya barazani hawawezi kujua. Baba ndiye aliyeanzisha kwaya ya tarumbeta ya usharika wetu. Alifundishwa na mmisionari mmoja alipokuwa kijana, akapewa vyombo vichache vilivyopinda, akavinyoosha, akakusanya vijana waliokuwa hawajui chochote zaidi ya kuchuma kahawa. Akawapiga msasa mpaka wakawa kwaya. Nilipokuwa msichana, Jumamosi yote nyumba yetu ilikuwa ni tarumbeta. Tulizisugua kwa majivu na maji ya ndimu, tukazipanga juani kwenye mkeka pembeni ya kahawa iliyoanikwa, na mama alikuwa anapita katikati akilalamika kwamba nyumba yake imegeuka kambi ya jeshi.

Na Pasaka! Nani atanirudishia Pasaka zile? Kabla jua halijatoka walikuwa wanapanda kilimani kwenye makaburi ya usharika, baridi inauma, ukungu umekaa juu ya migomba, halafu baba anainua mkono na zile tarumbeta zinalia kwa pamoja. Sauti ilifika mpaka mabonde ya upande wa pili. Watu wa Rugu walikuwa wanasema hawahitaji saa siku ile. Baba alikuwa mkali kweli. Mpigaji akikosea noti moja, baba hakumtazama hata usoni, alimtazama viatu, na mtu alikuwa anatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini wote walimpenda. Mpaka leo wengine wao ni wazee wa kanisa, wana wajukuu, na bado wakimwona wanaficha sigara.

Miaka yote hiyo alisimama mbele ya mabomba yale ya shaba, na hakuna aliyewaza kwamba masikio nayo yanachakaa. Sauti za juu ndizo zilizoondoka kwanza. Ndege, kengele ya baiskeli, watoto wadogo, wanawake. Besi alizisikia bado. Kwa hiyo tarumbeta kubwa alikuwa nazo, ila mama alikuwa amempoteza. Mama yangu ana sauti ya chini, ya upole, hajawahi kupaza hata akimfukuza mbuzi. Baadaye baba aliniambia jambo ambalo sitalisahau. Alisema, "Nilidhani mama yako ameacha kuongea. Nilidhani ni uzee, au amenichoka. Niliona aibu kumuuliza."

Sasa ndipo anapoingia kaka yangu Nestory na mashine yake. Nestory anafanya biashara kule Murongo mpakani, upande wa Kyerwa, ananunua hiki anauza kile, na ana moyo mwema kuliko akili, namwambia hata mbele yake. Alipopata habari za Rwegoshora hakulala. Wiki hiyo hiyo akashuka kwenye bodaboda na kiboksi mkononi, anacheka meno yote nje. Ndani yake kulikuwa na kidude kidogo cha rangi ya ngozi ya Mzungu, kinatundikwa nyuma ya sikio, kina kijigurudumu cha kuongeza sauti. "Mashine ya masikio, Tata," alimwambia baba kwa kupaza sauti. "Kule ng'ambo wazee wote wanavaa."

Baba aliitundika kwenye sikio la kushoto, kwa sababu la kulia alilizoea kuwekea simu. Nestory akazungusha kijigurudumu. Mama alikuwa anapita na beseni la maharage, akasema tu, bila kujua, "Kuni zimekwisha." Baba akageuka. Aligeuka taratibu, macho yamejaa machozi, akasema, "Kokuhirwa, umesema kuni zimekwisha?" Mama akaweka beseni chini. Tulifanya sherehe siku hiyo. Alichinjwa kuku, na majirani waliletewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, hata Rwegoshora alikuja, akasalimiwa na kusikiwa, na mambo yao wawili yakaisha hapo kwa kicheko.

Basi baba akarudi ujana. Aliivaa mashine kuanzia anapoamka mpaka anapolala. Kila alipoona mama anamponyoka kidogo, aliongeza kijigurudumu, mpaka kikafika mwisho kikakaa huko huko. Akarudi pia kwenye kwaya. Vijana wa sasa walikuwa wanafundishwa na mwalimu mmoja mpole, baba akamsogeza kando kwa heshima, akasimama mbele yao kama zamani. Mazoezi ya Pasaka yaliendelea majuma kadhaa, ndani ya ule ukumbi mdogo wa mabati, na mashine iko sikioni. Nilikuwa nampelekea uji, nasimama dirishani kumwangalia, na nilifurahi mno. Niliona kama siku zetu zile zinarudi, mama analalamika, tarumbeta zinang'aa juani, na mimi bado ni msichana.

Jioni akirudi alikuwa anashika kichwa. Alisema kuna nyenje wameingia sikioni. Mama alimpashia mafuta ya uvuguvugu, akamtilia matone. Nyenje hawakutoka.

Baada ya Pasaka alikuja mkaguzi. Jina lake Prudensia, mtu wa Muleba, alikuwa anazungukia maduka ya dawa na masoko kukagua vifaa tiba vinavyoingizwa bila kusajiliwa. Alishavikamata vidude kama cha baba kwenye meza za wachuuzi wa mnadani, na huko ndiko alikoambiwa kwamba Mzee Yustus wa tarumbeta anacho. Nilimwona akishuka kwenye pikipiki, suruali imepigwa pasi, mkoba begani, nikasema moyoni, haya, nshomile huyo, msomi wa Kihaya, amefika kutusomea. Sikumpenda. Mtu anakuja kumnyang'anya mzee sikio lake, nimpende wa nini?

Lakini alipofika mbele ya baba alipiga magoti na suruali yake hiyo, akatoa shikamoo, akapokea kahawa ya kutafuna aliyopewa na mama, akatafuna bila haraka. Aliuliza habari za nyumbani zote, moja baada ya nyingine. Ikanibidi nimletee kigoda.

"Mzee wangu," alisema, "nimekuja kwa ajili ya hiyo uliyovaa."

"Hii ni sikio langu," baba akajibu. "Serikali inataka sikio langu la nini?"

"Hiyo si sikio, waitu," akamwita kwa neno la heshima. "Naomba nikueleze."

"Dada," nikaingilia, maana ulimi wangu haungoji, "mlikuwa wapi wakati hasikii? Mbona hamkuja na pikipiki? Kapata cha kumsaidia ndiyo mnaona barabara ya kuja?"

Mama alinitazama nikanyamaza. Prudensia hakukasirika. Alisema nina haki ya kuuliza, na kwamba wagonjwa wa masikio wengi hawafiki hospitali mpaka mambo yawe mabaya, na hilo lilikuwa linamsikitisha hata yeye. Kisha akaeleza. Kifaa tiba cha usikivu, alisema, kinapimwa kwanza kwa mtu mwenyewe. Kinaongeza zile sauti zilizopotea tu, na sauti ikizidi kinaizuia isipite. Ndiyo maana kinakaguliwa na kusajiliwa kabla hakijauzwa, mtu ajue kama hicho kizuizi kipo na kinafanya kazi. "Hiki hakina breki," alisema. "Mlango ukibamizwa, kinausukuma wote ndani. Na hata waliokitengeneza hawakusema ni cha matibabu. Walikitengeneza kwa ajili ya watu wanaokwenda porini kusikiliza ndege."

"Ndege?" mama aliuliza.

"Ndege, mama."

Tulitazamana. Ningecheka kama si kwamba baba alikuwa amekaa pale, kidude chake nyuma ya sikio, mzee wa watu aliyefundisha usharika mzima kupiga tarumbeta.

"Kimenirudishia mke wangu," baba alisema polepole. "Wewe ni mtoto, huelewi. Chukueni vya madukani. Hiki niachieni."

"Dukani sheria inaniruhusu kuchukua," Prudensia akasema. "Hapa kwako nakuomba tu. Ila nina hofu, mzee. Niliambiwa unakivaa kwenye mazoezi ya tarumbeta. Naomba ukivue kwa muda mfupi, mama akuongeleshe kwa nyuma, sikio moja moja. Ukiona nimekosea, nitaondoka."

Baba alikubali ili amwondoe. Akaivua mashine, akaishika kiganjani. Alikuwa na uhakika na sikio la kushoto, ndilo lililomsikia mama siku zote hizo. Prudensia akamwomba mama asimame nyuma yake, amsogelee, aseme neno lolote kwa sauti ya kawaida karibu kabisa na sikio. Mama alisimama pale akiwa hajui aseme nini. Kisha akainama kwenye lile sikio la kushoto na kusema, "Yustus."

Msiotoka kwetu hamwezi kujua uzito wa jambo hilo. Mama hajawahi kulitamka jina la baba. Mke mwenye adabu halitamki. Tangu nizaliwe ni Baba Nestory, na kabla ya Nestory sijui alikuwa anamwitaje, labda kwa kukohoa. Nilishtuka mpaka nikaweka mkono mdomoni. Prudensia naye, Mhaya huyo, alielewa, akainamisha uso.

Baba alikuwa anatazama mbele, kwenye migomba, anangoja.

"Anza basi," alisema.

Mama alirudia, safari hii kwa nguvu. Baba bado alikuwa anangoja, uso wake mtulivu, anaanza kuchoka kidogo. Nilitaka nimkimbilie nimshike. Prudensia akanionyesha ishara nisimame, akamwonyesha mama upande wa kulia. Mama akahamia kule, akalitamka tena, kwa ile sauti yake ndogo kabisa.

Baba akageuka mzima mzima. "Umesemaje wewe?" aliuliza, huku anatabasamu, aibu zimemjaa usoni. "Mbele ya mgeni?" Halafu akamtazama mama vizuri, akaona machozi, akatutazama na sisi. Akauliza alikuwa amesema mara ngapi. Mama akamwonyesha kwa vidole. Tabasamu likaondoka polepole, na baba akainua mkono akalishika sikio la kushoto, akalisugua, kama mtu anayetoa maji baada ya kuoga.

Lile sikio lilikuwa zima alipolitundikia mashine. Lilikuwa limechoka, lakini zima. Sasa alipoivua halikubaki na kitu zaidi ya nyenje.

Kisha akampa Prudensia kile kidude kwa mikono miwili, na kumwambia aende navyo vyote, asiache hata kimoja kwa mtu mwingine. Prudensia alikitia mkobani. Hakusema "nilikuambia", hakusema chochote cha namna hiyo. Alituelekeza kliniki ya masikio ya kwenda, akampigia simu mtu aliyemjua huko tukiwa tumemzunguka, na alipoondoka mama alimfungia mkungu mdogo wa ndizi nyuma ya pikipiki. Alikataa, mama akashinda.

Nestory nilimpigia simu mimi. Nilikuwa nimepanga maneno makali, na ninayo mengi, lakini alianza kulia kabla sijamaliza la kwanza. Alisema alimnunulia baba kwa mapenzi. Nikamwambia tunajua, aje nyumbani. Alikwenda kumtafuta aliyemuuzia pale Murongo, akamkuta anauza tochi, na alipomuuliza habari za mashine za masikio yule mtu akasema hizo zimeisha, labda anataka tochi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Kliniki ilitupa zamu ya mbali, na baba alikaa bila chochote sikioni. Hakurudi kwaya. Siku nyingine alitoa tarumbeta yake ya zamani, akaisugua, akaiweka tena kwenye sanduku. Mama alikuwa anamwandikia ndizi zipi zimekatwa na nani kapita, kwa chaki, kwenye mlango wa jikoni, na nilipoona ule mlango umejaa maneno nilikumbuka nyumba yetu ilivyokuwa na kelele zamani, nikatamani hata moja tu ya zile Jumamosi za vurugu. Sikujua kwamba nilikuwa nazipenda. Nilidhani zinanichosha.

Zamu ilipofika tulikwenda naye, Nestory na mimi. Walimweka kwenye chumba kidogo kisicho na sauti, wakampima sikio moja moja, taratibu, kwa muda mrefu. La kushoto daktari alisema halina cha kuongezewa. La kulia alilipa kifaa, kimesajiliwa, kina karatasi zake na mtu wa kumpigia kikisumbua, na alikirekebisha mbele yetu mpaka baba akainua kidole kwamba inatosha. Hakikumrudishia kila kitu. Daktari alimwambia hivyo waziwazi, na akamkataza kukaa mbele ya tarumbeta maisha yake yote yaliyobaki. Baba alimsikiliza, akamshukuru. Kwenye basi la kurudi aligeukia dirishani, na nikaona mabega yanatikisika, nikamwacha.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani. Kwetu bado wanaume wanakaa upande wa kulia, wanawake kushoto, hakuna aliyeandika sheria hiyo lakini hakuna anayeivunja. Baba alikwenda kwenye benchi lake la wazee, akakaa. Kwaya ikaanza, na nilimwona anageuza kichwa huku na huku, anahangaika. Kutoka pale, sikio lililokuwa linatazama kanisa ni la kushoto. La kulia lilikuwa linatazama ukuta.

Akasimama katikati ya wimbo. Akavuka njia ya katikati, mzee mzima na koti lake la suti, mwinjilisti anamtazama, vijana wa tarumbeta wanamtazama mpaka besi mmoja akapotea. Akaja upande wa wanawake, akasimama kando ya benchi la mama. Wanawake walisogea bila kuulizana. Alipoketi, mama alinyanyuka, akapita mbele yake, akakaa kulia kwake, na akaendelea kuimba kutoka pale walipofika.

Wimbo ulipokwisha baba alimwinamia. Mimi nilikuwa benchi la nyuma yao, nilisikia kila neno. "Ubeti wa pili," alimwambia kwa ukali wake wa zamani, "umeushusha mno. Noti ile inapanda."

Mama yangu hajawahi kukubali kusahihishwa na mtu, hata na baba, hata enzi za tarumbeta. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge na kusema atarekebisha.